Chini Mbili za Nyambene

Mgeni akifika Mikinduri na kuuliza ni nani anayeijua milima ile vizuri, haelekezwi kwa mwanamume. Anaambiwa apande, apite mashamba ya miraa, apite mahali majani chai yanapoishia, aendelee mpaka asikie mbwa. Akiwasikia, asimame palepale, apige hodi kwa sauti, angoje. Atatoka mama mfupi akifuta mikono kwenye leso, na huyo mama ni Ciakuthii.

Ciakuthii si mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Kanja, kule Embu, akaolewa Mikinduri na Kathuri, mtu aliyependa ng'ombe kuliko maneno; ndiyo maana wengi humwita Mama Kathuri. Kathuri alipofariki alimwachia boma, mbwa, na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Juu ya msitu wa Nyambene, mgongoni kabisa, kuna nyika ndogo ya nyasi fupi. Majirani huwaacha huko mitamba na ng'ombe wasiokamuliwa. Lazima mtu apande awatazame, ajue nani anachechemea na nani amekonda, awapelekee magadi walambe. Kathuri alikuwa akipanda. Sasa anapanda Ciakuthii, na mbwa wake watatu.

Hebu niwataje mbwa hao, maana bila wao hakuna hadithi. Wa kwanza ni Koplo, dume zee jeusi linalotangulia njiani bila haraka kama askari anayekaribia kustaafu. Wa pili ni Tangawizi, jike lenye rangi ya jina lake, ambaye hawezi kulala bila kugusa miguu ya mtu. Wa tatu ni mdogo, mwenye baka jeupe shingoni kama kola. Huyo anaitwa Wakili, kwa sababu hajawahi kuacha jambo lipite bila kulipinga.

Jioni moja ya Ijumaa, mwezi wa Novemba, Njoki alifika. Njoki ni mdogo wake Ciakuthii, kitinda mimba wa kwao, anaishi palepale Kanja. Alikuja na mkungu wa ndizi na neno moja moyoni. Wakili alimpinga tangu langoni. Akampinga akinawa mikono, akampinga akila mukimo, akampinga mpaka mlango ulipofungwa.

"Mwambie huyu mbwa wako mimi si mwizi," Njoki alisema.

"Ameshakusikia," Ciakuthii akajibu. "Hajaamini tu."

Asubuhi ilipambazuka safi. Anga lilikuwa la buluu hadi kule mbali ambako Mlima Kenya ulionekana na theluji yake kana kwamba umeoshwa jana. Ciakuthii alifunga magadi kwenye mfuko, akachukua kamba ya ndama, akavaa gumbuti na koti la mvua juu ya sweta zito.

"Mimi napanda kwa ng'ombe. Wewe pumzika."

"Nipumzike na nani? Na huyu anayenitolea macho? Nakuja."

"Basi vaa koti lile la Kathuri. Liko nyuma ya mlango."

"Na jua hili! Mama Kathuri, unataka nitoke jasho kama mbeba mawe?"

"Njoki, milima hii inabadilika."

"Na mimi nilizaliwa mlimani, au umesahau?"

Hapo hakuwa amesema uongo. Watoto wa Kanja wanakua wakiangalia mlima mmoja tu, mkubwa kuliko kila kitu. Kwao juu ni upande wa mlima, na chini ni nyumbani. Kila mto unatoka juu, unapita karibu na boma la mtu, unaendelea zake. Baba yao alipokuwa akiwatuma msituni kuokota kuni, aliwaambia kitu kimoja: ukipotea usizunguke wala usipande. Tafuta maji, shuka nayo. Yatakupitisha mahali watu wanachota. Wasichana wote wawili walikua na neno hilo, na halikuwahi kuwadanganya. Kwa hiyo Njoki alitoka na sweta jepesi na viatu vya raba.

Walipanda. Mashamba yaliisha, msitu ukawafunika, kukawa na harufu ya majani yaliyooza na ubaridi wa chini ya miti. Koplo mbele, Ciakuthii nyuma yake, kisha Njoki akihema, na Wakili nyuma kabisa akimchunga kama mshtakiwa. Njoki alingoja mpaka walipotokea juu kwenye nyasi, ng'ombe wakaanza kuwasogelea kwa kusikia sauti ya mfuko. Hapo ndipo alipolitoa lile neno.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

Ciakuthii alikuwa amechuchumaa akimwaga magadi kwenye jiwe. "Kunipeleka wapi?"

"Nyumbani. Kaka Nthiga mwenyewe amekubali ukatiwe sehemu kwenye shamba la baba, karibu na kisima. Siku hizi hata mabinti wanapewa. Unangoja nini huku? Uanguke siku moja uliwe na fisi?"

"Na ng'ombe wa watu?"

"Wenyewe wana miguu."

"Na hawa?" Alimaanisha mbwa.

"Mbwa ni mbwa, Ciakuthii." Njoki alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na alikuwa amelipanga jambo hili kwa muda mrefu, likamtoka vibaya. "Kathuri amekufa. Unalinda mbwa wa mtu aliyekufa na kuzungukia ng'ombe wa watu ambao hata si wa kwenu."

Ng'ombe waliramba. Ulimi wa ng'ombe kwenye jiwe una sauti yake.

"Kama umechoka, nenda," Ciakuthii akasema bila kugeuka. "Shuka chini. Nitakukuta."

Njoki akaenda.

Nani hajawahi kumwambia ndugu yake neno kama hilo, kisha akaendelea na kazi ili asionekane amejali? Ciakuthii alibaki. Kulikuwa na mtamba wa jirani yake Murithi ambaye hakuwa amemwona, akaenda kumtafuta nyuma ya vichaka. Alipompata na kumkagua kwato na kurudi kwenye jiwe, aliona ukungu. Ulikuwa umepanda kutoka bondeni kimya, kama maziwa yanayofura kwenye sufuria, na sasa ulikuwa ukimwagika juu ya nyasi. Mlima Kenya haukuonekana tena. Kisha miti ya ukingoni haikuonekana. Ng'ombe walibaki vivuli, halafu wakabaki sauti.

Hakuogopa. Njia ya kurudi aliijua, na Koplo aliijua zaidi. Alishuka akitarajia kumkuta Njoki amekaa kwenye gogo, amenuna. Kwenye gogo la kwanza hakuwapo. Kwenye la pili pia hapakuwa na mtu. Mvua ilianza, ile nyembamba ya kupenya shingoni, na Ciakuthii akajikuta anatembea upesi kuliko alivyokusudia.

Msitu unapokutana na majani chai kuna shamba la Murithi. Siku hiyo tangu asubuhi alikuwa akirekebisha ua, palepale njia inapotokea.

"Mama Kathuri! Mtamba wangu yuko?"

"Yuko mzima. Murithi, mdogo wangu amepita hapa?"

"Yule wa Embu mliyepanda naye? Hapana."

"Pengine hukuona."

"Mama, mimi nimekaa kwenye hii njia kama kizuizi cha polisi. Hajapita hata ngedere."

Ciakuthii alisimama. Maji yalimdondoka kwenye ukingo wa kofia ya koti. Murithi anasema alimwona akiutazama msitu, kama mtu anayepiga hesabu.

Nyambene si kama ule mlima mkubwa. Nyambene ni kama mgongo wa ng'ombe: mvua ikinyesha juu yake, nyingine inamwagika ubavu huu, nyingine ubavu ule. Maji ya upande wa Mikinduri yanakuja kwa watu. Ya upande wa pili yanatafuta nchi kavu ya kaskazini, na kabla ya kufika huko yanaangukia korongoni. Na ile nyika ya magadi iko mgongoni kabisa. Ciakuthii mwenyewe, alipokuwa bibi arusi, aliwahi kushuka na maji ya upande ule, Kathuri akamfuata na kumcheka mwezi mzima. Alikuwa amesahau. Ukikaa mahali miaka mingi unasahau kwamba kuna mtu asiyejua.

"Nilimwambia ashuke chini," alisema taratibu. "Njoki ni mtu wa Kanja. Amefuata maji."

Murithi aliutema msumari aliokuwa ameushika mdomoni. "Maji ya upande gani?"

"Kama yangekuwa ya upande huu, ungekuwa umemwona."

Mvua ilikaza. Murithi alitoa simu, akaiinua juu, akaishusha. Hakukuwa na netiweki. "Nashuka sokoni. Nitapiga simu upande wa pili, mtu aje na gari kwenye ile barabara ya chini ya korongo. Na wewe ungoje vijana."

"Amevaa kisweta, Murithi. Cha kuendea kanisani."

"Mama, mvua hii..."

"Nipe nailoni yako."

Ilikuwa ile karatasi kubwa ya nailoni anayomwagia majani chai yakishachumwa. Alimkunjia, akampa. Akamtazama akipiga mluzi, na mbwa watatu wakageuka na kurudi msituni naye, bila hata mmoja kuuliza kwa nini.

Kupanda mara ya pili kwa siku moja, na umri ule, si mchezo. Alipanda akishika mizizi. Sasa haikuwa mvua tu, ngurumo zilikuwa zimefika, na alipotokea juu kwenye nyasi mvua ya mawe ilimpokea. Ng'ombe walikuwa wameupa upepo migongo. Tangawizi alijiingiza chini ya koti lake. Walisimama hivyo chini ya kichaka mpaka mawe yakapungua, kila punje ikiacha baridi yake kwenye nyasi, na Ciakuthii akawa anamwona Njoki kichwani mwake akipigwa na mawe yaleyale bila kofia.

Kisha akaanza kufikiri kama mtu wa Kanja.

Alikwenda mahali walipogombana. Kutoka pale, upande wa pili, kulikuwa na chemchemi iliyotengeneza kijimfereji kwenye nyasi. Akaufuata. Chini kidogo uliungana na mwingine. Baba alisemaje kuhusu maji mawili? Yafuate yenye sauti kubwa. Akayafuata yenye sauti kubwa. Kwenye tope la ukingoni aliona mahali raba iliteleza, mfuo mrefu ulionyooka, mvua ikianza kuujaza. Hakufurahi. Mfuo ule ulikuwa umeelekea korongoni.

"Njokiii!"

Ukungu uliimeza sauti. Aliita tena, na tena, mpaka koo likauma. Kadiri alivyoshuka ndivyo mto ulivyonenepa na kupiga kelele, na alijua sababu: maporomoko hayakuwa mbali. Mbwa hawa hawakufunzwa kutafuta watu. Wanajua ng'ombe, wanajua fisi, wanajua chakula. Huwezi kumwambia Koplo "mtafute Njoki" akaelewa. Alijua hivyo, na bado alimwambia.

Mwanga ulikuwa unapungua. Kwenye ukungu jua halizami, linafifia tu kama taa inayoishiwa mafuta, na huwezi kujua umebakiza kiasi gani. Alifika mahali ambapo ukingo ulikuwa mwembamba na mto ulinguruma chini ya miguu yake bila kuonekana. Akasimama. Hatua moja vibaya na watatafutwa wawili.

Hapo ndipo aliposikia Wakili.

Mbwa ana mbweko wa fisi na mbweko wa ng'ombe. Huu haukuwa huo wala ule. Ulikuwa ule wa Ijumaa, wa langoni, wa mukimo: mkali, mfululizo, wenye kinyongo. Wakili alikuwa amemwona yule mwanamke tena, na bado hakuwa amemkubali.

Ciakuthii alipiga magoti akatambaa kuelekea sauti. Kwanza aliona kola nyeupe. Kisha, mbele yake, juu ya jiwe bapa ambalo maji yanalipita ubavuni kabla ya kuanguka, akamwona Njoki amekaa. Miguu yake ilikuwa inaning'inia upande wa shimo. Kiatu kimoja hakikuwapo. Na alikuwa akihangaika kuvua sweta.

"Njoki."

Njoki aligeuza kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuwa anatetemeka hata kidogo.

"Mama Kathuri," alisema, maneno yakimtoka kama mtu aliyelewa. "Umechelewa. Keti. Nasikia joto sana."

Kathuri aliwahi kumsimulia mkewe habari ya mchungaji waliyemkuta huko juu amevua shati na kulikunja vizuri kando yake, kwenye baridi ya kuua. Alisema mtu akifika hapo haombi tena msaada, kwa sababu haoni tatizo. Usimpigie kelele, alisema. Atashtuka, na hajui aliko.

Basi Ciakuthii aliketi kwenye nyasi mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kupiga soga.

"Unafanya nini hapo?"

"Nangoja gari la Embu."

"Ahaa. La saa ngapi?"

"Wamesema linakuja." Sweta lilikuwa limefika kwenye kiwiko. Alijivuta, na jiwe lilikuwa na utelezi, akasogea kidogo upande wa shimo. Wakili akabweka.

"Njoki, sikiliza. Hapo si stendi."

Njoki alikunja uso. "Wewe ulisema."

"Nilisema, lakini wamehamisha. Watu wa Embu siku hizi wanapandia huku. Hapo utaachwa."

"Wamehamisha lini?"

"Wiki hii. Kaunti, si unawajua? Wanahamisha tu bila kuambia watu."

Hilo lilimwingia. Njoki alisonya, vile watu wa Embu mjini wanavyosonya wakitajiwa kaunti, akauinua mguu mmoja kutoka shimoni. Kisha akasita, akamwangalia mbwa.

"Huyu naye anaenda Embu?"

"Haendi. Huyu anabaki."

"Asikae karibu na mimi."

"Atakaa nyuma. Njoo, lete mkono. Huo mwingine. Eeeh."

Ciakuthii alikuwa amelala kifudifudi sasa, gumbuti zake zimekwama kwenye shina, mkono umenyooshwa. Vidole vya Njoki vilipomgusa vilikuwa kama samaki. Akavishika. Hakuvuta mpaka alipopata kifundo cha mkono, na alipokipata alivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Wakaviringika wote wawili kwenye nyasi, juu ya Tangawizi, ambaye alilia.

Hakulia Ciakuthii. Hakukuwa na nafasi. Alimvua Njoki sweta lile lililolowa, akavua lake mwenyewe lililokuwa kavu chini ya koti, akamvika. Akamvika na koti. Alimzungushia nailoni, akawaita mbwa waingie ndani yake. Tangawizi aliingia akajikunja kifuani mwa Njoki. Koplo alilala miguuni akishusha pumzi, kama mzee aliyeombwa kazi ya vijana. Mvuke ulipanda kutoka kwenye manyoya yao. Ciakuthii alimkumbatia kutoka nyuma na kuongea naye bila kukoma kuhusu ndizi, Nthiga na kisima, mradi asilale.

"Gari," Njoki alisema mara moja. Halafu hakusema kitu.

Hawangeweza kupanda tena. Kando ya maporomoko kulikuwa na njia ya ng'ombe, yenye mwinamo, inayoteremka mpaka ile barabara ya udongo wa maramu aliyoitaja Murithi. Ciakuthii alimsimamisha Njoki, akaanguka. Akamsimamisha tena, magoti yakakataa. Basi alifanya kile ambacho kila msichana wa Kanja anakijua kabla hajajua kusoma. Alitoa kamba ya ndama, akaikunja iwe nene, akaipitisha chini ya makalio ya mdogo wake, akaiweka utosini mwake, akainama mbele. Akamwinua kama mzigo wa kuni.

Njoki si mnene, lakini hata mtu mwembamba ni mzito asipojishikilia. Kamba ilimkata kichwa. Alishuka akitazama kitu kimoja tu, mkia wa Koplo, maana zaidi ya hapo hakuona. Koplo aliposimama, alisimama. Koplo alipozunguka jiwe, alizunguka. Mara mbili alianguka kwa magoti na mara mbili aliinuka, na kila alipoinuka aliita, "Njoki!" Mara ya kwanza alijibiwa "mm". Mara ya pili hakujibiwa.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipokanyaga maramu. Taa za gari zilikuwa zinakuja polepole, zikisimama na kuendelea, kama mtu anayetafuta. Lilikuwa pikapu, na aliyeshuka alikuwa kijana mrefu mwenye kikoi kilichokunjwa kiunoni. Jina lake ni Khalif, wa Maua, mnunuzi wa miraa ya Murithi. Murithi alikuwa amempata kwa simu. Khalif alikimbia hatua chache, kisha akasimama ghafla kama amegonga ukuta.

"Mama! Murithi aliniambia akina mama wawili. Hakusema mbwa!"

"Hawaumi."

Wakili alianza kubweka.

"Yule anasema nini?"

"Yule ni maneno tu, kijana wangu. Nisaidie."

Khalif hakuwa na woga wa meno peke yake. Kwa Mwislamu, mbwa mkavu akikupita, si neno. Mbwa aliyelowa akikugusa, hapo kuna kuosha, na kuosha kwenyewe ni kwa maji mara nyingi na mara moja kwa udongo. Na hapa palikuwa na mama mzima aliyeviringishwa na mbwa waliolowa, manyoya yamemganda mashavuni, na nyuma ya kiti cha gari kulikuwa na nguo nyeupe ya Khalif ya kuswalia. Alimtazama Njoki kwenye mwanga wa taa. Akaona ile midomo.

"Walahi, huyu mama anaondoka," alisema. Alirudi kwenye gari, akaichukua ile nguo nyeupe, na Ciakuthii akadhani anaihamisha isichafuke. Khalif akaitandaza kwenye kiti, karibu na kipasha joto. "Maji yapo Maua, na udongo upo. Mlete. Shika huko, mimi nishike huku."

Walimwingiza. Ciakuthii akapanda, akamweka kifuani. Ndipo alipowaangalia mbwa, wamesimama kwenye taa nyekundu za nyuma, wamekonda kwa maji. Nyuma ya pikapu kulikuwa na miraa ya watu, imefungwa kwenye majani ya migomba. Hakuuliza. Alijua jibu na alijua lilikuwa la haki.

"Nyumbani!" aliwaambia kupitia dirishani. "Koplo! Nyumbani!"

Akafunga kioo, wakaondoka.

Khalif alikuwa amefungua joto lote, jasho likimtiririka shingoni. Gari lilitambaa kwenye tope. Ciakuthii alimsugua Njoki mikono, mgongo, mikono tena. Aliweka sikio kwenye kifua chake, akasikia kitu, lakini gari lilikuwa na kelele na hakujua kama ni moyo au injini.

"Mama," Khalif alisema akiangalia kioo cha pembeni. "Hao wako hawakuelewa."

"Nini?"

"Wanakimbia nyuma yetu."

Hakugeuka kutazama. Hakuthubutu kumwachia Njoki. "Wote?"

"Mweusi mmoja. Wa kahawia. Na yule wa maneno." Akapunguza mwendo kidogo, bila kusema anapunguza kwa nini.

Walikuwa wameshaanza kuziona taa za mji Njoki aliposhtuka. Ilianzia kidevuni. Meno yakagongana mara moja, mara mbili, halafu mwili mzima ukashikwa, mabega, magoti, akitikisika mpaka kiti kikalia. Ciakuthii alipiga ukelele.

"Anakufa! Khalif, anakufa!"

"Haapana, mama!" Khalif alikuwa karibu kucheka, sauti imempasuka. "Muache atetemeke! Alikuwa hatetemeki, si ndiyo? Baba yangu alikuwa akiendesha lori usiku wa baridi kule juu Timau. Alisema utingo akitetemeka bado ni wako. Muache!"

Basi Ciakuthii alimwacha atetemeke, akatetemeka naye, kifua kwa kifua, mpaka kwenye lango la zahanati. Muuguzi alitoka na blanketi. Mbwa walifika baadaye kidogo, ndimi nje, wakalala kwenye varanda ambako hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Waliletewa chai. Njoki aliishika mwenyewe kwa mikono miwili, nusu ikamwagikia blanketi. Akanywa funda moja, akafumba macho, akameza. Kisha akakunja uso.

"Hii chai," alisema, meno yakigonga kikombe, "imepikwa na nani? Haina sukari."

Ciakuthii aliinuka kwenda kuitafuta. Alifika mlangoni, akaegemea kizingiti, na hapo ndipo alipoteremka akaketi sakafuni.